Imani ya Mwalimu Nyerere na Namna Iliyo Halali ya Kuikumbuka

1. Utangulizi

Kila mwaka ifikapo tarehe 14 Oktoba, taifa la Tanzania humkumbuka Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, aliyefariki dunia siku hiyo mwaka 1999 katika Hospitali ya St Thomas', London. Siku hiyo, au Jumapili iliyo karibu nayo, wachungaji wengi huombwa kusali, kutoa neno fupi, au hata kuhubiri mbele ya viongozi wa serikali. Wanafunzi wetu ambao wamekwisha kuionja kazi hiyo katika sharika za mazoezi hutuuliza swali ambalo si jepesi: je, mchungaji wa Kilutheri aseme nini juu ya imani ya mtu huyu? Yeye alikuwa Mkatoliki, nasi tu Walutheri. Alikuwa mtawala, na mimbari si jukwaa la siasa. Tena, watu aliowaongoza walikuwa Wakristo, Waislamu na wafuasi wa dini za jadi, na baadhi ya hao huwa wameketi mbele yetu tunaposema.

Swali hili limeongezeka uzito tangu mwaka 2005, Jimbo Katoliki la Musoma lilipopata kibali cha kuanzisha mchakato wa kumtangaza Mwalimu kuwa mwenye heri. Tangu hapo ndugu zetu Wakatoliki humwita Mtumishi wa Mungu. Sisi hatuna utaratibu wa namna hiyo, wala hatuombi kwa watakatifu. Lakini je, kutokuwa na utaratibu huo kunatuacha bila neno la kusema?

Kwa maoni yetu, wahubiri wengi huangukia upande mmoja kati ya pande mbili. Wengine huifanya imani ya Mwalimu kuwa muhuri wa siasa yake: kwa kuwa alisali sana, basi yote aliyoyatenda yalikuwa mapenzi ya Mungu. Wengine hunyamaza kabisa, wakisema kuwa imani ya mtu ni siri yake, na kwamba kiongozi apimwe kwa barabara, shule na hospitali tu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba Maungamo yetu wenyewe yanatupa njia ya tatu. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha 21, lafundisha kwamba kumbukumbu ya watakatifu yaweza kuwekwa mbele ya watu ili waifuate imani yao na matendo yao mema, kila mtu kwa kadiri ya wito wake. Jambo la kuangaliwa ni kwamba mfano unaotolewa hapo ni wa mtawala: Kaisari anaelekezwa kwa Mfalme Daudi. Basi waungamaji wetu hawakuona haya kuitazama imani ya mtu mwenye dola. Walichokikataa ni kumwomba mtakatifu badala ya Kristo.

2. Safari ya imani yake

Nyerere alizaliwa mwezi wa Aprili 1922 huko Butiama, akiwa mwana wa Nyerere Burito, chifu wa Wazanaki. Nyumba aliyolelewa haikuwa ya Kikristo; ilikuwa nyumba ya dini ya wazee wake. Mwaka 1934 alianza shule ya Mwisenge, Musoma, na mwaka 1937 akaenda Shule ya Serikali ya Tabora. Katika miaka hiyo alivutwa na mafundisho ya Kanisa Katoliki, akafundishwa katekisimo, na tarehe 23 Desemba 1943 akabatizwa katika misheni ya Nyegina, iliyokuwa ya Mapadre Weupe. Ndipo akalichukua jina la Julius. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 21, mwanafunzi wa Makerere, na baba yake alikuwa amekwisha kufariki.

Inafaa tusimame kidogo hapa. Mtu huyu hakuirithi imani kama mtoto anavyorithi shamba. Aliijia akiwa mtu mzima, kwa kusikia na kujifunza. Wala hakuijia kwa sababu ya cheo, kwa maana mwaka 1943 hapakuwa na dalili yoyote kwamba kijana wa Butiama angekuwa siku moja mkuu wa nchi. Wale wanaodhani kwamba dini ya Mwalimu ilikuwa vazi la siasa hawana budi kuikumbuka tarehe hiyo. TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, zaidi ya miaka kumi baada ya ubatizo wake.

Baada ya Makerere alifundisha St. Mary's, Tabora, shule ya misheni, akaenda Edinburgh kuanzia 1949 hadi 1952, na aliporudi akafundisha St. Francis, Pugu. Mwezi wa Machi 1955 ilimlazimu kuchagua kati ya ualimu na siasa, naye akaacha kazi iliyokuwa na mshahara. Alirejea kwao, na katika siku hizo alimsaidia padre mmoja wa shirika la Maryknoll kujifunza lugha ya Kizanaki, ili Neno liweze kusemwa kwa lugha ya nyumbani.

Alipokuwa Rais hakuyaacha mazoea ya imani. Walioishi na kufanya kazi karibu naye wameshuhudia kwamba alipenda kuhudhuria misa ya asubuhi, siku za kazi pia. Alifanya hivyo bila shamrashamra. Sisi tuliolelewa katika Mathayo 6 twajua tofauti iliyopo kati ya mtu anayesali ili aonwe na watu na mtu anayefunga mlango wa chumba chake. Kiongozi anayeingia kanisani asubuhi na mapema, akakaa na waamini wa kawaida, kisha akaenda ofisini, hajamtumia Mungu kama bango la uchaguzi.

3. Serikali isiyo na dini, raia wenye dini

Mtu akiisikia habari hiyo aweza kutazamia kwamba Mwalimu alitaka taifa la Kikristo. Hakutaka. Fundisho alilolirudia katika uongozi wake wote ni kwamba serikali haina dini, ingawa watu wake wanazo dini. Katika utangulizi wa kitabu chake Uhuru na Ujamaa, uliotoka mwaka 1968, alieleza kwamba ujamaa unahusika na maisha ya mwanadamu katika dunia hii, na kwamba mtu aweza kuwa mjamaa akiwa Mkristo, Mwislamu au mtu asiye na dini. Katika utangulizi huohuo aliwakemea wale wanaotaka kuugeuza ujamaa uwe dini mpya, wakiyashika maandishi ya Marx na Lenin kana kwamba ni Maandiko Matakatifu.

Wanafunzi wengine huyasoma maneno hayo kama dalili ya imani dhaifu. Sisi twaona kinyume chake. Anayeiamini Amri ya Kwanza ndiye anayejua kwamba chama, dola na nadharia haviwezi kukaa mahali pa Mungu. Mtu asiye na Mungu mwingine hukosa mahali pa kuiwekea siasa mpaka wake. Mwalimu alikuwa na mahali hapo, ndiyo maana aliweza kusema waziwazi kwamba siasa yake mwenyewe si ufunuo.

Hapa anakutana na Luther, japo hawakupita njia moja. Katika maandishi yake ya mwaka 1523 juu ya mamlaka ya kidunia, Luther alifundisha kwamba Mungu anatawala kwa namna mbili: kwa Neno na Roho, ambapo watu wanafanywa kuwa wenye haki, na kwa sheria na upanga, ambapo uovu unazuiwa na amani inalindwa. Mtawala ana haki juu ya mwili na mali. Juu ya roho hana amri. Luther alisema hayo akiwatetea waumini ambao watawala walitaka kuwanyang'anya Agano Jipya. Nyerere aliyasema akitetea umoja wa nchi yenye dini nyingi. Isitokee mhubiri akamfanya Mwalimu kuwa Mlutheri wa siri. Mizizi yake ilikuwa katika mafundisho ya jamii ya Kanisa Katoliki na katika maisha ya ukoo wa Kiafrika, ambayo aliyaeleza katika andiko lake Ujamaa la mwaka 1962.

Ushahidi mkubwa wa jambo hili ni shule. Kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, serikali ilizichukua shule za misheni zilizokuwa zikipata ruzuku. Zilichukuliwa za Wakatoliki, nazo zikachukuliwa za Kanisa letu, ambalo lilikuwa limeungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri katika Tanganyika mwaka 1963. Uamuzi huo uliwauma wengi. Lakini sababu yake yapaswa kuelezwa kwa haki. Wakati wa ukoloni elimu kubwa ilipitia mikononi mwa misheni, na mtoto wa Kiislamu mara nyingi alikuwa na mlango mmoja tu wa kuingilia, nao ulikuwa wa dini isiyo yake. Rais Mkatoliki alizichukua shule za Kanisa lake mwenyewe ili mlango uwe wa wote. Mtu aweza kuupinga uamuzi huo kwa hoja za elimu. Hawezi kusema kwamba ulikuwa wa mtu anayelipendelea kanisa lake.

4. Hotuba ya Maryknoll

Mara chache Mwalimu alisema hadharani kama Mkristo mbele ya Wakristo. Hotuba iliyo maarufu kuliko zote za namna hiyo ni ile aliyoitoa kwa Masista wa Maryknoll huko New York mwezi wa Oktoba 1970. Twawashauri wanafunzi wote waisome nzima, maana hunukuliwa vipandevipande na watu ambao hawajaiona.

Hoja yake ilikuwa hii. Mwanadamu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, kama Mwanzo 1:27 inavyofundisha. Walio wengi duniani wanaishi katika umaskini, ujinga, hofu na uonevu. Yeye anakataa kumfikiri Mungu aliye maskini, mjinga, mwenye hofu na mnyonge. Kwa hiyo hali hiyo haikukusudiwa na Muumba, na Kanisa lisipoungana na wanaopambana na mipango ya kijamii inayowashikilia watu katika hali hiyo, litajikuta halina maana kwao. Sadaka na misaada havitoshi. Yatakiwa watu wasimame na kuwa watendaji wa maendeleo yao wenyewe.

Mwalimu wa theolojia wa Kilutheri afanye nini na hoja hiyo? Kwanza aipokee. Maombi ya mkate wa kila siku, kama Katekisimo Ndogo inavyoyafafanua, yanaingiza ndani yake chakula, mavazi, nyumba, serikali njema na amani. Anayeomba hayo hawezi kusema kwamba njaa ya jirani ni jambo la dunia lisilomhusu.

Pili, aikamilishe pale inapopungua. Mwalimu alikataa kumfikiri Mungu aliye mnyonge, na maana yake twaielewa: hakutaka unyonge upewe baraka. Lakini theolojia ya msalaba, ambayo Luther aliitetea huko Heidelberg mwaka 1518, yatufundisha kwamba Mungu amejifunua mahali ambapo macho hayakutazamia, katika yule aliyedharauliwa ambaye Isaya 53 inamtaja. Mungu wetu amekubali kuonekana akiwa maskini, akiwa na hofu bustanini, akiwa ameonewa barazani. Kwa hiyo heshima ya maskini haingoji maendeleo. Mama mkulima asiyejua kusoma anao mfano wa Mungu leo, kabla ya kisima kuchimbwa na kabla ya darasa kujengwa. Kisima na darasa twavijenga kwa sababu anao, wala si ili aupate.

Tofauti hii si ya maneno matupu. Mtu akidhani kwamba utu wa maskini unakamilika kwa maendeleo tu, aweza kushawishika kumwendeleza kwa nguvu. Jambo hilo litatukuta tena katika sehemu ya sita.

5. Enjili katika utenzi

Mwalimu alistaafu urais mwaka 1985, akampisha Ali Hassan Mwinyi, na mwaka 1990 akaacha uenyekiti wa chama. Matunda ya uzee wake yametajwa kwa uchache mno katika mahubiri yetu. Mwaka 1996, akiwa na umri wa miaka 74, zilichapishwa na wachapaji wa Kibenediktini wa Ndanda na Peramiho tenzi zake za Enjili zote nne na za Matendo ya Mitume. Huyu alikuwa mtu aliyekwisha kuifasiri tamthilia ya Shakespeare ya Julius Caesar mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Katika uzee alikiweka kipawa hicho chini ya Maandiko.

Umbo alilolichagua lina maana. Utenzi una beti za mishororo minne, kila mshororo mizani minane. Mishororo mitatu ya kwanza ina kina kimoja, na wa nne hubeba kina kinachopita katika utenzi mzima. Umbo hili lilikuzwa na washairi Waislamu wa Pate, Lamu na Mombasa, ambao kwa muda wa karne nyingi walilitumia kusimulia habari za dini yao. Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate katika karne ya 18, ni mmojawapo wa kale zaidi tulio nao. Mwalimu alikichukua chombo hicho kilichoheshimiwa na majirani zake, akaitia ndani yake habari ya Yesu, kwa namna ambayo mzee wa pwani aweza kuifuata mahadhi yake bila kulazimishwa kuikubali imani yake.

Sisi tulio wa Kanisa lililozaliwa na tafsiri ya Biblia, ile ya Agano Jipya ya mwaka 1522, twapaswa kuitambua kazi hiyo. Mlei asiye mwanatheolojia aliona kwamba Neno lastahili kusikika kwa sauti ya watu. Hakuna amri ya serikali iliyotolewa ili watu wazisome tenzi hizo. Zilitolewa tu, asomaye na asome.

6. Heshima tatu

Melanchthon, alipoandika Utetezi wa Ungamo la Augsburg mwaka 1531, alieleza kwamba watakatifu wanastahili heshima tatu. Ya kwanza ni kumshukuru Mungu kwa ajili yao. Ya pili ni kuimarishwa kwa imani yetu, kama tunavyotiwa moyo tunapomwona Petro aliyemkana Bwana akisamehewa. Ya tatu ni kuiga: kwanza imani yao, kisha tabia zao njema, kila mtu katika wito wake. Nasi twakumbuka kwamba katika lugha ya Paulo, mtakatifu ni kila aliyebatizwa na kumwamini Kristo (1 Wakorintho 1:2). Kwa maana hiyo hatuhitaji kungoja hukumu ya Roma ili kumheshimu ndugu huyu, wala heshima yetu haipingani na mchakato wa Kanisa lake.

(a) Kushukuru. Twamshukuru Mungu kwa kiongozi aliyekataa utajiri. Mwezi wa Oktoba 1966 aliupunguza mshahara wake kwa asilimia 20. Azimio la Arusha la tarehe 5 Februari 1967 likaweka miiko ya uongozi: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asipangishe nyumba, asiwe na hisa katika makampuni. Twamshukuru Mungu kwa mtu aliyeacha madaraka kwa hiari katika wakati ambao jambo hilo lilikuwa nadra barani Afrika. Shukrani hizi ni kwa Mungu, mtoaji wa kila kipawa chema. Utetezi unamsifu mtumishi kama wakili mwaminifu aliyetumia mali ya Bwana wake.

(b) Kuimarishwa. Hapa ndipo wahubiri wetu wengi wanaporuka, na hapa ndipo penye kiini cha makala haya. Heshima ya pili haiwezi kutolewa kwa mtu aliyefichiwa dhambi zake. Petro hutuimarisha kwa sababu Enjili hazikuficha kukana kwake. Daudi hutuimarisha kwa sababu kitabu cha 2 Samweli, sura ya 11 na ya 12, hakikumwonea haya mfalme. Tukimsimulia Mwalimu asiye na doa, tunawanyima wasikilizaji wetu faraja ambayo Maungamo yanataka waipate.

Basi na isemwe kwa heshima na kwa ukweli. Sheria ya mwaka 1962 ilimpa Rais mamlaka ya kuwaweka watu kizuizini bila kuwafikisha mahakamani, na wapo waliokaa humo miaka mingi. Mwaka 1968 Mwalimu aliandika kwamba kijiji cha ujamaa ni cha watu wanaokubali kwa hiari yao kuishi pamoja; mwaka 1973 kuishi vijijini kukawa amri, na katika miaka iliyofuata mamilioni ya watu walihamishwa, wengine kwa kuvunjiwa na kuchomewa nyumba. Mwaka huohuo wa 1968 ilipigwa marufuku Jumuiya ya Ustawi wa Waislamu wa Afrika ya Mashariki, na BAKWATA ikaundwa. Waislamu wengi, ambao wazee wao mjini Dar es Salaam walimpokea na kumsaidia Mwalimu tangu siku za mwanzo za TANU, wameliona jambo hilo kuwa jeraha, na baadhi yao wameona ndani yake mkono wa Mkatoliki. Mchungaji asiyeyajua hayo atasema maneno mazuri ambayo nusu ya wasikilizaji wake hawatayaamini.

Habari ya vijiji ina fundisho la pekee kwa wanafunzi wa theolojia. Ujamaa, kama alivyoueleza Mwalimu, ulikuwa upendo wa kindugu uliopanuliwa kutoka ukoo hadi taifa. Lakini upendo hauzaliwi na amri. Sheria yaweza kumzuia mtu asimdhulumu jirani yake. Haiwezi kumfanya ampende. Dola inapojaribu kuzaa udugu kwa gari la mgambo, inajitwalia kazi ambayo Mungu ameiweka katika Injili. Kosa hili hutokea kwa urahisi zaidi kwa mtawala mwenye moyo mwema, kwa kuwa anauona uzuri wa mwisho wa safari na kukosa subira na wanaotembea polepole. Imani yake haikumkinga na jaribu hilo. Haimkingi mtu yeyote mwenye madaraka, awe waziri, askofu au mchungaji wa usharika.

Pamoja na hayo, Mwalimu hakuwa mtu wa kujihesabia haki. Mwaka 1977, katika tathmini yake ya miaka kumi ya Azimio la Arusha, alikiri mbele ya taifa kwamba nchi haijawa ya kijamaa wala haijajitegemea. Mwaka 1984, katika mahojiano, alisema kwamba kama angeanza upya, asingezifuta serikali za mitaa wala vyama vya ushirika. Maungamo hayo yalihusu sera, na hatuna haki ya kuyageuza kuwa Zaburi ya 51. Yaliyo kati yake na Mungu aliyapeleka mahali pake, katika sakramenti za Kanisa lake. Sisi tunaofundisha kwamba Mkristo ni mwenye haki na mwenye dhambi kwa wakati uleule hatupaswi kushangaa tukimwona mtu anayepiga magoti asubuhi na kutia sahihi amri ngumu mchana. Twapaswa kushangaa kwamba Mungu humpokea.

(c) Kuiga. Kuiga ni kwa kadiri ya wito. Mchungaji hana jeshi wala hazina, basi asimwige Mwalimu kwa kutoa amri juu ya mambo ya nchi kutoka mimbarini. Na amwige katika kusoma, katika kusema Kiswahili kinachoeleweka na mkulima na msomi, katika kuishi kwa kiasi, na katika kuliweka Neno katika umbo ambalo watu waweza kulishika. Kiongozi wa serikali na amwige katika kutopokea utajiri kwa njia ya cheo na katika kujua siku ya kuondoka. Wote na tumwige katika kuzisali sala ambazo hazitangazwi.

7. Mambo ya kuzingatia mimbarini

Kwa ajili ya watumishi wenzetu wanaoitwa kuhubiri siku ya kumbukumbu hii, twapendekeza yafuatayo.

Kwanza, anza na Maandiko, umfikie Mwalimu kwa njia hiyo. Anayeanza na Mwalimu na kutafuta aya ya kumpamba ameligeuza somo kuwa mtumishi wa mtu.

Pili, usitumie imani yake kumpigia debe au kumpinga mgombea yeyote. Katika hotuba yake ya Mei Mosi mwaka 1995 huko Mbeya, Mwalimu mwenyewe aliwaonya Watanzania juu ya udini na ukabila katika kuchagua viongozi. Itakuwa ajabu jina lake likitumiwa kuuliza kama ni zamu ya Mkristo au ya Mwislamu.

Tatu, usimwombe Mwalimu, wala usiwadharau wanaongojea atangazwe mwenye heri. Yatosha kusema kwa upole yale tunayoyaungama, kwamba Mpatanishi ni mmoja, Kristo Yesu.

Nne, usiyaruke machungu. Huenda mbele yako ameketi mzee ambaye nyumba yake ilibomolewa mwaka 1974, au mtoto wa aliyewekwa kizuizini. Sentensi moja ya kweli, iliyosemwa bila hasira, itamfanya mtu huyo asikilize habari ya neema inayofuata.

8. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba imani ya Mwalimu Nyerere haikuwa pambo, na kwamba pia haikuwa hati ya kuthibitisha kila tendo la serikali yake. Ilikuwa imani ya mtu aliyebatizwa Nyegina akiwa na miaka 21, akapewa wito mzito kuliko wa walio wengi, akautumikia kwa uaminifu mwingi na kwa makosa ambayo watu wengine waliyalipia. Kuikumbuka kwa halali ni kumshukuru Mungu, kutiwa moyo na msamaha wake, na kuiga kwa kadiri ya wito wetu.

Twawashauri walimu wa vyuo vyetu wazisome pamoja na wanafunzi, kabla ya mwezi wa Oktoba, hotuba ya Maryknoll ya mwaka 1970 na Ungamo la Augsburg, kifungu cha 16 kihusucho mamlaka ya kiraia na kile cha 21. Na katika ibada zetu, sala kwa ajili ya wenye mamlaka ambayo 1 Timotheo 2 inatuagiza isiwe ya siku ya kitaifa tu. Walio madarakani leo nao wanajaribiwa, nao wanahitaji kuombewa wakiwa bado hai, kabla hatujaanza kuzungumza juu ya utakatifu wao.